Ua la jangwani lenye sumu kali: Wachumash walilifanya bibi yao, Wazuni wakalikabidhi kwa makuhani wa mvua (uzi mrefu kidogo)

Mzururaji wa Nyika

Wakuu habari za jioni, na kwa wale ambao huko nyumbani kushakucha habari za kuamka.

Leo nataka tuongelee mmea mmoja wa huku kusini magharibi mwa Marekani, unaanzia California, Arizona, New Mexico mpaka kaskazini ya Mexico. Wazungu wanauita datura mtakatifu, kisayansi Datura wrightii. Huku ninakokaa upo kila kona, kwenye makorongo makavu, pembeni ya barabara kuu, nyuma ya sheli, yani sehemu ambayo hata nyasi zimekata tamaa wewe unaukuta umejitanda na majani mapana kana kwamba hakuna shida ya maji, kumbe chini una mzizi mnene umeweka akiba, kipindi cha baridi unakufa wote juu halafu joto likirudi unachipua tena kwenye mzizi ule ule.

Mchana huoni cha ajabu. Jua likizama ndo unafungua maua, meupe, marefu mengine yanafika sentimita 20, umbo la tarumbeta, na yanafunguka haraka ukikaa pale unaona kwa macho yako kabisa. Harufu tamu kinoma. Ua moja ni la usiku mmoja tu, jua la asubuhi likishapanda limeshasinyaa.

Na uzuri wote huo ni sumu tupu, kuanzia mzizi, shina, majani, ua mpaka mbegu. Ndani yake kuna kemikali tatu kali, atropini, skopolamini na hayosiamini. Ni jamii ya nyanya, biringanya, viazi mviringo na tumbaku, na ni ndugu wa damu wa ule mnanaha unaoota kwenye mashamba ya mahindi huko kwetu, wenye matunda ya miiba.

Sasa hapa ndo utamu unaanzia. Wachumash ni wenyeji wa asili wa pwani ya California, upande wa Santa Barbara na visiwa vyake. Wao mmea huu wanauita Momoy na kwao Momoy ni mtu, ni bibi kizee mjane mwenye mali zake, aliishi enzi zile ambazo wanyama na mimea walikuwa bado ni watu. Bibi huyu akinawa mikono, yale maji aliyonawia ukiyanywa unazimika halafu unaona yanayokuja mbele. Watu wale wa kwanza walipogeuka wanyama na mimea yeye akawa huu mmea. Kwahiyo Mchumash akiupita njiani hapiti kwenye magugu, anampita bibi yake.

Kijana akibalehe, wa kiume au wa kike, alikuwa ananyweshwa maji yaliyolowekwa mzizi wake. Hajipikii mwenyewe. Kuna mtu maalumu wa kazi hiyo, kuna kufunga kabla, nyama na mafuta marufuku, halafu akinywa analala usingizi mzito na humo ndotoni anamtafuta msaidizi wake, anaweza kuwa mnyama au nguvu nyingine, atakayekuwa naye maisha yote. Akiamka anakaa na mkubwa anamsimulia alichokiona na anatafsiriwa. Ni unyago kabisa, tena wa mtu mmoja mmoja.

Kusini kidogo kuna Waluiseño, wale walikuwa wanafanya kwa kundi, vijana wa kiume, usiku. Kuna mabakuli ya jiwe ya kazi hiyo tu, yakimaliza kazi yanafichwa. Kijana anapiga magoti mbele ya bakuli, mkuu wa sherehe anamshika paji la uso wakati anakunywa, akiona inatosha anakiinua kichwa. Hakuna kuongeza. Baada ya hapo ni kucheza kuzunguka moto, baadaye wanachorewa picha ya dunia kwa mchanga wa rangi chini na kufundishwa namna ya kuishi, heshimu wakubwa, usiwe mroho, wape wageni chakula. Na unakunywa mara moja tu maisha yako yote.

Mimi ninachotaka kusema ni kwamba watu wanasoma haya mambo wanadhani wale wazee walikuwa wanalewa tu kwa jina la dini. Hapana. Kiasi cha sumu kwenye huu mmea hakitabiriki, shina hili na lile la jirani yake hayafanani, mzizi na mbegu havifanani, msimu na msimu havifanani, kwahiyo hakuna kipimo unachoweza kuandika kwenye karatasi ukampa mtu. Kilichokuwa kinamlinda kijana ni ule utakatifu wenyewe, mkono kwenye paji la uso, kufunga, mara moja maishani, mtu anayelijua shina analochimba. Leo madogo wanaona video mtandaoni wanachuma mbegu wanatafuna chooni, wanachukua sumu wanaacha kila kitu kilichokuwa kinaifanya ivumilike, halafu wanaenda wodini.

Na hata wazee wenyewe na uangalifu wote huo, kuna vijana walikuwa hawaamki. Hilo limeandikwa, sio siri.

Nakuja na mambo ya pango, ngoja ninywe chai.

---

Njia Panda

Naweka kambi hapa. Mkuu usituache kama zile nyuzi zako za 2 na 3 zinazokuja "kesho".

---

Kijana wa Kayole

Sasa boss, niulize tu kwa niaba ya rafiki yangu, hii kitu ukiionja unaona nini haswa 😂

---

NesiZamuUsiku

@Kijana wa Kayole mwambie rafiki yako ataona wodi.

Niongee kama mhudumu wa afya, nimeshapokea wagonjwa wa mnanaha na dawa zilizomo ni zile zile. Watu wanadhani ni kilevi cha kufurahia kama wanavyosikia vingine. Hiki hakifurahishi. Mdomo unakauka mpaka kumeza mate huwezi kwasababu mate hayapo, ngozi inakauka inakuwa nyekundu na moto, jasho halitoki kwahiyo joto la mwili linapanda, mapigo ya moyo yanakimbia, mboni zinatanuka mpaka mwanga wa taa unamuumiza, kusoma au kuona cha karibu hawezi, na mkojo unagoma kutoka kibofu kinajaa. Hapo hapo kichwa kimeondoka. Na sio kwamba anaona marangirangi huku anajua ni dawa, hapana, anaongea na mtu ambaye hayupo, anavuta sigara ambayo hana mkononi, anachuma vitu hewani, na yeye kwake ni kweli tupu. Ndo maana wanaumia, mtu anatoka nje anatembea barabarani, anaingia majini. Inaweza kwenda siku mbili tatu. Ikiisha mara nyingi hakumbuki kitu.

Hospitali wapo na dawa inayopingana nayo inaitwa fizostigimini ila kwa vituo vyetu vingi usiitegemee, tunampoza mwili, tunamtuliza kwa diazepamu, tunamwekea mpira wa mkojo, tunaangalia moyo. Maziwa hayasaidii. Mafuta ya kula hayasaidii. Kumtapisha kwa vidole mtu aliyechanganyikiwa unamuua kwa kumpalia. Mleteni, na kama kuna mabaki ya alichokula yaleteni pia.

---

Kijana wa Kayole

Wueh. Rafiki yangu amesema asante, ameghairi.

---

Mzururaji wa Nyika

@NesiZamuUsiku ubarikiwe, hapo kwenye kutokumbuka nimekumbuka stori ya Jamestown kule Virginia mwaka 1676. Askari wa Kiingereza walipelekwa kuzima uasi wa walowezi ulioongozwa na jamaa anaitwa Bacon, wakachuma majani ya ndugu yake huyu, mnanaha wa kawaida, wakayachemsha kama mboga. Robert Beverley aliandika habari zao mwaka 1705: siku 11 jamaa hawapo duniani, mmoja anapuliza unyoya hewani, mwingine anaurushia vijiti vya nyasi kwa hasira, mwingine yuko uchi kwenye kona anakenua meno kama nyani. Ikabidi wafungiwe wasijidhuru. Walipozinduka hawakukumbuka hata kimoja. Hao hawakuwa na bibi wala bakuli la jiwe, walikuwa na njaa tu.

Haya sasa pango.

Kuna pango California linaitwa Pinwheel, liko kwenye milima kule mpakani mwa nchi ya Wachumash wa bara. Darini kwake kuna mchoro mwekundu, duara lenye mikono inayozunguka. Miaka mingi wataalamu wa michoro ya miambani walikuwa na nadharia yao kwamba michoro kama ile mganga alikunywa dawa, akaona maluweluwe, akayachora ukutani. Nadharia tamu ila ushahidi hakuna.

Sasa timu ya David Robinson wa chuo cha Central Lancashire cha Uingereza wakaingia humo wakakuta kwenye nyufa za dari, pembeni ya mchoro, kumeshindiliwa vitonge vya nyuzinyuzi, vimetafunwa na kutemwa, ukitaka kupata picha ni kama makapi ya muwa. Wakavipima. Atropini na skopolamini. Wakavitazama kwa hadubini, ni Datura wrightii. Na alama za meno zipo. Matokeo yakatoka mwaka 2020 na ulikuwa ushahidi wa kwanza wa wazi kabisa wa watu kutafuna kitu cha namna ile kwenye eneo lenye michoro ya mwambani, sehemu yoyote duniani. Pango lilikuwa linatumika kuanzia kama mwaka 1530 mpaka 1890, yani wazungu wameshafika, misheni zimejengwa, watu wamepigwa na magonjwa na bado wanarudi pale.

Ila kilichonifurahisha sio hicho. Humo pangoni wamekuta pia mabaki ya chakula, zana za kusagia, vipande vya mishale. Sio chumba cha siri cha mganga mmoja, ni sehemu watu walikuwa wanaishi, wanapika, wanatengeneza silaha. Na lile duara wanasema sio maluweluwe ya mtu, ni ua lenyewe la datura. Bado halijafunguka kabisa linakuwa limejisokota hivyo hivyo, nimeliangalia jioni nikasema kweli bana. Kwahiyo wamechora ua la bibi darini, wakakaa chini yake, wakatafuna, wakachomeka makapi kwenye mwamba pale pale. Mchoro ulikuwa unawaambia watu mnaingia kwa nani. Kuna na mchoro mwingine humo, kama mdudu fulani, na wanafikiri anaweza kuwa nondo anayekuja kunywa kwenye ua hilo.

---

Mama Kiki

Hapo kwenye nondo naomba ufafanuzi, mimi wadudu ndo ugonjwa wangu.

---

Mzururaji wa Nyika

Mama Kiki huyo nondo ana mambo. Anaitwa Manduca sexta, mkubwa, anapuruka sehemu moja hewani bila kutua, ana mrija mrefu balaa wa kufikia asali iliyo ndani ya tarumbeta lile. Anakunywa asali, anachavusha ua. Halafu anageuka jani la mmea ule ule anataga mayai. Yale mayai yanatoa kiwavi mnene wa kijani anayeweza kula majani yote mmea ukabaki vijiti. Yani mfanyakazi wako ndo mwizi wako. Mmea unavumilia kwasababu una ule mzizi, unachipua tena. Na kiwavi sumu haimfanyi kitu. Ni yule yule anayesumbua wakulima wa tumbaku na nyanya huku Amerika.

Mbegu nazo zina kijinyama cha mafuta pembeni, sisimizi wanazibeba kwa ajili ya hicho wanazitawanya.

---

Mtumishi_wa_Bwana

Nasoma nasikitika. Wana wa Mungu mnashabikia ibada za mizimu. Utakatifu gani unaotoka kwenye sumu? Hao walikuwa gizani na wamisionari ndio waliowatoa.

---

Njia Panda

Nilijua utakuja tu 😂

---

Mzururaji wa Nyika

Mtumishi sijakuambia uabudu. Ila hapo kwa wamisionari ngoja nikupe habari. Moja ya maandishi ya mapema kabisa tuliyonayo kuhusu sherehe hizi yameandikwa na padri, Gerónimo Boscana, Mfransisko, alikuwa misheni ya San Juan Capistrano miaka ya 1810 na 1820. Alikuwa anaziita ushirikina kama wewe tu, lakini alikaa akauliza wazee akaandika, wanafunga vipi, wanakunywa vipi, wanamwamini nani, yule mungu wao Chinigchinich anayeona kila kitu na kuadhibu anayevunja sheria. Bila padri yule tungekuwa na kidogo sana. Na kuhusu kutoka gizani, kwenye misheni zile wenyeji walikufa kwa surua na magonjwa mengine kwa wingi wa kutisha, kutoroka ilikuwa viboko. Kwahiyo ukizungumzia sumu ya California usianze na ua.

---

Mtumishi_wa_Bwana

Sawa mkuu, ila msimamo wangu ni ule ule.

---

Kijana wa Kayole

Na hao Wazuni uliowataja kwa title? Umetupiga chenga.

---

Mzururaji wa Nyika

Wazuni wapo New Mexico, wanaishi kijijini kwao mpaka leo, wakulima wa mahindi kwenye nchi kame. Habari hizi ziliandikwa na Matilda Coxe Stevenson, mama mmoja mtafiti, chapisho lake la mimea ya Wazuni lilitoka mwaka 1915.

Wanasimulia hivi. Zamani za kale kulikuwa na mvulana na msichana, kaka na dada, wanaishi chini ya ardhi. Walikuwa wanapanda juu wanazurura, wanaangalia kila kitu wanasikiliza kila kitu, kisha wanaenda kumsimulia mama yao. Wana wawili mapacha wa Baba Jua wakaona hawa watoto umbea umezidi. Siku wakakutana nao wakawauliza hali, watoto wakajibu tuna furaha. Wakaeleza wanavyoweza kumlaza mtu usingizi akaona mizimu, au akatembea huku na huku akamwona aliyemwibia. Mapacha wakasema hawa wanajua mambo mengi mno, hawafai kukaa juu. Wakawafukuza warudi ardhini moja kwa moja. Pale walipozamia yakachomoza maua, yale yale waliyokuwa wameyavaa kichwani, kila mmoja pembeni ya uso. Jina la mmea ni jina la yule mvulana, Aneglakya. Na yale maua yakazaa mengine yakaenea nchi nzima.

Nimesoma hadithi nyingi za asili ya mimea ila hii inanikaa. Watoto hawakufanya ubaya wowote. Kosa lao ni kuona na kusema.

Kwa Wazuni mmea huu sio wa kila mtu, ni wa makuhani wa mvua na wakuu wachache wa vyama vyao vya tiba. Kuhani akitaka kuomba mvua usiku anatumia unga wa mzizi ili aweze kuongea na ndege, au anatafuna mzizi awaombe waliokufa wawaombee mvua. Na kuna ile ya mwizi, mtu kaibiwa, kuhani anampa mzizi usiku, anakaa chumba cha pili anamsikiliza, jamaa anaongea usingizini anatembea, akitaja jina asubuhi anaambiwa umemtaja fulani.

---

Njia Panda

Mganga wa Sumbawanga kapata mshindani. Sasa si kila mtu anataja jirani anayemchukia tu?

---

Mzururaji wa Nyika

Na mimi ndo ninavyofikiri, unataja uliyekuwa unamshuku tangu mchana 😅. Ila hiyo nyingine haina utani: walikuwa wanautumia kama nusu kaputi. Kuunga mfupa, kupasua jipu. Stevenson mwenyewe aliona kwa macho mganga wa Kizuni akimpasua mwanamke jipu la titi, mgonjwa kapewa mzizi kalala, hakusikia maumivu. Hiyo ni karne ya 19, hakuna kliniki.

---

NesiZamuUsiku

Na inaeleweka. Skopolamini inalaza na kufuta kumbukumbu, mpaka leo vidonge na plasta za kuzuia kichefuchefu cha safari wenzetu wanatumia hiyo hiyo. Atropini ndo usiseme, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Wakulima wetu wakinywa dawa ya kuulia wadudu, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, zile za jamii ya oganofosfeti, mate na makamasi yanafurika mapafu yanajaa maji, tunachowapa ni atropini, tena sio kidogo, tunaongeza mpaka mapafu yakauke. Ile ile inayomkausha mtu mate akafa ndo inayomwokoa aliyekuwa anazama kwenye mate yake.

Ila narudia, hiyo imepimwa kiwandani kwa miligramu. Usichemshe majani.

---

Mlima Napak

Mimi ni wa Karamoja, Uganda, huwa nasoma tu kimya ila hapa acha niandike, Kiswahili changu mtanisamehe.

Huu mmea ulitupiga mwaka 2019. Mwezi wa tatu. Ulikuja unga wa uji wa msaada, wa nafaka na soya, wa akina mama wajawazito na wanaonyonyesha na watoto. Watu wakala, wakaanza kuongea ovyo, wengine kukimbia, macho yamebadilika, homa, wakapelekwa hospitali. Watu wanasema ni uchawi, wengine wanasema ni sumu ya makusudi ya serikali. Karibu watu 300 waliugua, 5 wakafa. Baadaye wakapima wakakuta ni atropini na skopolamini, maana yake mbegu za datura zilivunwa pamoja na soya huko zilikotoka zikasagwa pamoja. Ugawaji ukasimamishwa.

Kwahiyo nikisoma mtakatifu mtakatifu naelewa unachosema bwana Mzururaji, lakini kwetu hakuja kwa bakuli la jiwe, alikuja kwa gunia na hakuna mtu aliyetuambia tunakula nini.

---

Mama Kiki

Poleni sana ndugu yangu. Hii sikuwahi kuisikia kabisa.

---

Mzururaji wa Nyika

@Mlima Napak pole sana mkuu, na Kiswahili chako kimenyooka kuliko cha wengi humu. Umeongeza kitu ambacho kwenye uzi wangu hakikuwepo.

---

BwanaShamba Nyanda za Juu

Na Tanzania tulishapata. Usangi, Upare kule Kilimanjaro, kulikuwa na mlipuko wa watu kulishwa mnanaha kwenye chakula, hospitali ilijaa, ripoti ya kitaalamu ilitoka mwaka 1991. Mbegu zinachanganyika na nafaka, hasa punje ndogondogo, ukisaga huoni tena. Ukipeta vizuri na kuchekecha kabla ya kusaga unazitoa, ni bapa kidogo umbo la figo, za mnanaha wetu ni nyeusi au kahawia iliyokoza. Hao wa Arizona mbegu zao ni rangi ya udongo hivi, sivyo?

---

Mzururaji wa Nyika

Ndio, rangi ya udongo mkavu. Na tunda la huku linaning'inia linaangalia chini, la mnanaha limesimama.

---

Njia Panda

Samahani nichomekee swali, hii ndo ile waridi ya jangwani wanayouza kwenye vitalu vya maua Dar, shina nene maua ya pinki?

---

BwanaShamba Nyanda za Juu

Hapana kabisa, ile ni Adenium, ukoo mwingine. Ila sumu nayo ipo, yenyewe inashambulia moyo moja kwa moja. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanachemsha utomvu wa jamii hiyo wanapaka kwenye mishale ya kuwindia. Kwahiyo ukikata matawi nawa mikono na usimwachie mtoto achezee.

---

Kijana wa Kayole

Na Africa kuna watu waliwahi kuitumia hii datura kwa initiation ama ni Wamarekani tu?

---

Mzururaji wa Nyika

Wapo. Watsonga wa Msumbiji na Afrika Kusini, kwenye unyago wa wasichana unaoitwa khomba, walikuwa wanatumia datura, ile jamii nyingine inaitwa Datura metel, msichana anasikia sauti za wahenga na anaahidiwa uzazi. Na kule India matunda ya dhatura, ndo datura hii hii, ni sadaka ya Shiva, mungu wa Wahindu, mpaka leo. Angalia watu wasiojuana kabisa, California, Limpopo, mto Ganga, wote wamekutana na mmea wa aina moja na wote wamesema huyu sio wa kuchezewa, apewe mwenyewe.

Halafu kuna utakatifu wa kisasa pia, wa pesa. Georgia O'Keeffe mchoraji aliyekuwa anaishi New Mexico, lilikuwa linaota karibu na nyumba yake, akalichora mara kibao. Moja ya picha hizo ya mwaka 1932, ua moja jeupe limejaa turubai zima, iliuzwa mnada wa Sotheby's mwaka 2014 kwa dola milioni 44.4. Wakati ule ilikuwa rekodi ya juu kuliko kazi yoyote ya msanii mwanamke. Kwa magugu ya nyuma ya sheli.

---

Njia Panda

Milioni 44 za dola. Na mimi nachora mnanaha wa kwetu kesho.

---

Mama Kiki

Jamani mmenitisha, nimetoka kuangalia nyuma ya banda la kuku na yapo mashina mawili, moja lina matunda ya miiba kabisa. Nilikuwa nadhani ni biringanya pori. Mbuzi wangu wanapita hapo kila siku, nayang'oaje?

---

BwanaShamba Nyanda za Juu

Mbuzi likiwa bichi huwa wanaliruka, harufu na uchungu vinawakataza. Shida ni ukilikata ukalichanganya na majani makavu ya kulishia, hapo hawachagui tena, kwahiyo usitupie zizini. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, na usiguse macho kabla hujanawa kwa sabuni maana mboni itatanuka ukashinda huoni vizuri. Lile lenye matunda vika mfuko kwanza kwenye matunda ukate, ndo ung'oe shina, yakipasuka yanamwaga mbegu kibao. Usichome, moshi wake nao una dawa ile ile. Chimba shimo fukia kwa kina, mbali na bustani ya mboga.

Na pakague hapo kila mvua zikianza. Mbegu za huyu bwana zilishawahi kufukiwa kwa majaribio zaidi ya miaka 30 na nyingi zikaota, kwahiyo hata ukihama mwachie maagizo atakayekuja.